Kopo la Kijani la Marehemu Adamu

Gitting,
14 Juni 2024

Kwako Raudha, mchumba wangu wa Dongobesh,

Nianze kwa kukwambia kwamba mkono huu unaoandika umerudisha maganda ya risasi elfu arobaini kwenye kipimo chake, na halikukwama hata moja. Hata moja! Marehemu baba yako Adamu alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu Mzee Bura, ganda likimwona tu linajiingiza lenyewe."

Nimesoma tena hayo niliyoandika nikaona aibu kidogo. Hayakufika elfu arobaini. Na yaliyokwama ni kumi na moja, ukihesabu na lile nililolipiga nyundo likatoka na kipande cha chuma cha watu. Na yale maneno ya baba yako, alikuwa akiyasema kwa kunicheka. Lakini umenielewa: mimi ni fundi, na wewe ni mwanafunzi wangu, na leo mwanafunzi amekwama.

Barua yako Fransiska mchuuzi ameileta ndani ya gunia lake la vitunguu swaumu. Inanuka hadi bibi yako Helena alitaka kuitia kwenye sufuria. Hata hivyo umefanya vyema kuandika. Simu sitaki tena. Tangu siku ile nilipopaza sauti mnadani, "Raudha, risasi ngapi zimekwama?" watu wakaacha viazi vyao wakakimbia, mtendaji wa kata amenikataza kuiongelea kazi yetu hadharani. Sasa ninyamaze miaka sabini na minane yote hii nife na siri za baruti? Tuandikiane.

Nimeelewa hivi. Tangu Februari uliposhika karakana baada ya msiba, kazi ilikwenda. Tangu Juni ianze, maganda yanagoma. Na tarehe 18 Julai, Alhamisi saa mbili asubuhi, anakuja mkaguzi wa silaha kutoka mkoani. Utarudisha maganda kumi mbele ya macho yake, na yote kumi yaingie kwenye bunduki ya kupimia bila kusukumwa. Ukiweza, kibali kinaandikwa jina lako. Ukishindwa, karakana ya Adamu inafungwa na mashine inakwenda stoo ya serikali kulala na popo.

Basi sikiliza. Ganda ni kama mimi nikitoka sherehe ya ubatizo. Likishapigwa linavimba kwa moto, halirudi mwilini mwake lenyewe. Kazi yetu ni kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma mpaka likumbuke lilivyokuwa. Lina shingo, lina bega, lina tumbo na kitako. Unasema bunduki inakataa kufunga. Hapo bega halijarudi chini ya kutosha, maana yake kalibu umeifunga juu mno. Ishushe robo mzunguko, jaribu. Bado? Shusha tena kidogo, jaribu. Usiwe na pupa kama mama yako kwenye foleni ya sukari.

Msalimie huyo mama yako Mwanaamina, na hilo la sukari usimsomee.

Magoti yangu ni mazima ajabu siku hizi. Jumapili nilipiga magoti kanisani nikainuka bila kushika benchi, padri akanitolea macho.

Ni mimi,
Bura, fundi mstaafu

*

Dongobesh,
19 Juni 2024

Babu Bura,

Shikamoo. Mfikishie na Bibi Helena shikamoo yake.

Mama anasema foleni ya sukari ni ya mwaka gani hiyo, na yeye alikuwa wa pili, wa kwanza ulikuwa wewe. Nisamehe, nilisoma kwa sauti kabla sijafika hapo.

Nimeshusha kalibu robo mzunguko kama ulivyosema. Maganda matatu ya kwanza yaliingia kwenye bunduki vizuri mpaka nikaimba. La nne lilipiga yowe kama mlango mkavu, likazama, na nilipovuta mkono wa mashine kitako kikachanika. Mwili umebaki ndani ya kalibu. Kalibu ni hiyo moja tu, Babu, wewe unajua. Nimekaa naitazama tangu asubuhi kama mtu anayengoja itubu.

Gidion wa duka la pembejeo amepita akachungulia, akasema, "Dada Raudha, hii kazi ina wenyewe, uza mashine ufungue saluni." Nimemwambia nikifungua saluni yeye ndiye nitakayemnyoa kwanza, na sitatumia wembe.

Zimebaki wiki nne. Nitoeje hili ganda?

Mjukuu wako,
Raudha Adamu

*

Gitting,
24 Juni 2024

Raudha mchumba,

Marahaba. Huyo Gidion mwambie mimi nilimwona akilia mbele ya bata.

Ganda lililokwama linatoka. Kwanza hakikisha fataki ya zamani, ile ya kuwashia baruti, ilishatolewa. Toboa kitako chake taratibu kwa keekee, tundu lipenye katikati. Kata nyuzi za bolti ndani ya tundu hilo, kisha funga bolti ndefu. Weka kipande cha bomba juu ya kalibu, pachika washa na nati kwenye bolti, ukaze kwa spana. Nati inavuta bolti, bolti inavuta ganda, nalo litatoka likilalamika. Usipige nyundo! Nyundo naijua mimi na lile ganda la kumi na moja. Baba yako hakusema nami siku nne, na siku ya tano alisema maneno ambayo siwezi kumwandikia binti wa Kiislamu.

Sasa kwa nini lilikwama? Nadhani ni mchanga. Juni upepo wenu huko unabeba vumbi la barabara nzima. Ganda lisipofutwa linaingia na vumbi lake, likikwaruza kalibu, hapo tena umekwisha. Futa kila ganda kwa kitambaa, na kalibu uisafishe kwa brashi. Mafuta weka kidogo tu.

Naona hofu kwenye mwandiko wako, herufi zimelala kama shayiri iliyopigwa mvua. Acha hofu. Ulipokuwa na miaka tisa ulivunja mizani ya baruti ya baba yako, ile ndogo ya shaba, ukiipimia karanga. Nani alisimama akasema, "Adamu, ni mimi, mkono wangu ulitetemeka"? Nilisimama mimi. Mpaka anakwenda kaburini Adamu aliamini mkono wa Bura unatetemeka. Aliyenusurika hapo hawezi kushindwa na ganda.

Helena anakusalimu. Juzi alicheza kwaya mstari wa mbele, yeye aliyekuwa hapandi hata ngazi. Sijui hawa wanawake wanakula nini.

Bura

*

Dongobesh,
1 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Ganda limetoka. Nilikaza spana mpaka nikaona nyota, kisha likasema "pwa!" Mama alikuja na ufagio akidhani ni nyoka.

Nimefuta kila ganda, nimepiga brashi kalibu mpaka inanitazama kama kioo. Mchanga haupo, Babu. Shida ni mafuta.

Nikiweka kidogo kama ulivyosema, ganda linapiga yowe na kunata. Nikiweka mengi, linapita lakini bega linatoka limebonyea kana kwamba ng'ombe amelikalia. Na kuna jambo la ajabu zaidi. Asubuhi hakuna ganda linalopita salama. Kuanzia saa nane, jua likishapiga bati la karakana, yanapita kama maji. Kazi ile ile, mkono ule ule, kopo lile lile la kijani la baba, la mafuta ya kuletwa kutoka ng'ambo.

Baba alirudisha maganda asubuhi za Julai miaka yote na mafuta haya haya. Sasa niambie wewe uliyekaa naye miaka ishirini na sita: mafuta ya koponi huzeeka? Nimeyachokonoa kwa kijiti, ni magumu kama mshumaa, na rangi yake nyeupe. Nilikuwa nakumbuka kahawia, lakini nilikuwa mtoto.

Mkaguzi anakuja saa mbili asubuhi. Si saa nane.

Raudha

*

Gitting,
5 Julai 2024

Mchumba,

Marahaba, marahaba sana.

Nimefikiri mno juu ya swali lako, na jibu langu ni maganda yenyewe. Wateja wako hao wanaowinda nguruwe pori wanakuletea maganda ya kila kiwanda. Lingine nene, lingine jembamba, lingine limeshapigwa mara saba limechoka kama mimi. Yatenganishe. Kila aina na ndoo yake. Yenye ufa shingoni yatupe. Tena angalia mkono wako, usivute kwa hasira. Tena angalia mashine kama imefungwa sawa mezani, pengine meza inacheza. Tena angalia mwezi, baba yako hakufanya kazi mwezi ukiwa mchanga.

Hilo la mwezi nimelibuni sasa hivi, liache.

Kuhusu kopo: liweke karibu na jiko dakika kumi kabla ya kazi. Usiniulize kwa nini. Mambo mengine fundi anayajua tu.

Naandika kwa haraka maana Fransiska ameshapanda gari na anapiga kelele dirishani.

B.

*

Dongobesh,
9 Julai 2024

Babu Bura,

Shikamoo.

Fransiska anasema hakupiga kelele yoyote. Anasema alikunywa chai kwako vikombe viwili akisubiri uandike, na wewe ulikuwa ukitafuna kalamu na kufuta jasho, Gitting, mwezi wa saba, kwenye baridi ile.

Nimeliweka kopo karibu na jiko dakika kumi kama ulivyoagiza. Dakika ya sita Mama aliingia jikoni akauliza, "Nani anachemsha kondoo na leo hatuna nyama?"

Babu. Kabla ya maneno mengine yote, nijibu moja, na ujibu kama uko mbele ya Mungu. Ni kondoo kweli, au ni yule mwingine? Wewe unamjua. Yule anayekula mahindi ya wateja wangu na ambaye nyie huko mnamla na ugali Jumapili. Maana mikono yangu imeingia humo tangu Februari, nimekula nayo, nimesuka nayo nywele za mdogo wangu Yasmini. Mama amekaa mlangoni anangoja jibu na hataki nimguse.

La pili. Yako wapi mafuta ya baba yangu?

La tatu ndilo linaloniuma. Karakana ina baruti. Moto hauingii mle, hata kiberiti, ni sheria ya kwanza uliyonifundisha. Jiko liko ng'ambo ya ua. Nimejaribu: nikiyabeba mafuta yakiwa laini, nikifika kwenye mashine na kutengeneza maganda mawili yameshakuwa jiwe. Mkaguzi anataka kumi. Zimebaki siku tisa, na watu wote wa Dongobesh wanajua tarehe. Gidion ameniuliza bei ya mashine mara ya pili. Karakana hii ndiyo jina la baba lililobaki ukutani.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Nijibu upesi.

Raudha

*

Gitting,
12 Julai 2024

Raudha mwanangu,

Kondoo! Kondoo, kondoo, kondoo! Nimemnunua Katesh kwenye bucha ya Muksini, na alichinjwa na Muksini mwenyewe, anayeswali mpaka ana alama kwenye paji la uso. Mwambie Mwanaamina aondoke mlangoni, akuguse, akukumbatie. Mimi ni mwongo, lakini huyo mnyama mwingine nisingemtia kwenye kopo la Adamu hata kwa mtutu.

Sasa hilo la pili. Helena ameenda kisimani, niandike kabla hajarudi.

Unakumbuka wiki ya msiba nililala kwenu siku tano. Siku ya kuondoka niliingia karakana peke yangu kuaga mashine. Magoti yalikuwa yakiniuma kama yamepigwa misumari. Nikaliona kopo la kijani, nikakumbuka jinsi mafuta yale yalivyokuwa yakilainisha vidole vyangu wakati wa baridi. Nikasema nipake kidogo. Nikapaka goti la kulia. Ee Raudha, goti likapoa! La kushoto likaona wivu. Basi nikayakwangua yote nikayatia kwenye kopo langu la kahawa, na nikajaza lile la kijani mafuta ya kondoo niliyokuwa nimeyabeba kwa ajili ya viatu. Nikajiambia ni kulainisha tu, ganda litajuaje? Na kwa jua la Februari halikujua. Julai sikuifikiria. Mzee wa miaka hii hapangi mpaka Julai.

Helena nilimwambia nimepewa na daktari wa mjini. Akapaka na yeye. Ndiyo siri ya kwaya.

Haya, namtuma Fransiska na kopo la kahawa. Limebaki kama robo, linatosha maganda ishirini. Nilikuwa na aibu kukwambia, ndiyo maana nilikusumbua na mchanga na ndoo na mwezi. Ule ushauri mwingine ulikuwa wa kweli lakini, wa kalibu na wa bolti. Usije ukaudharau wote.

Ukifunga karakana ya Adamu kwa sababu ya magoti yangu, nitayakata niyalete.

Bura

*

Dongobesh,
19 Julai 2024

Babu Bura,

Shikamoo, ewe mwizi.

Nianze na kopo la kahawa. Lilifika Jumatatu jioni. Kumbe Bibi Helena alishamwambia Fransiska zamani kwamba ile ni dawa ya magoti. Katesh gari liliharibika, likakaa saa tatu nzima, Fransiska akaona magoti yake nayo ni magoti. Akapaka. Kondakta akaomba, akapewa. Dereva akapaka kiwiko. Mimi nilipofungua nilikuta duara jembamba pembeni mwa kopo. Nikalikwangua kwa kisu cha siagi, nikapata ya maganda saba. Nilihesabu mara nne, ni saba tu.

Sikulia. Nilichukua kichupa cha matone ya macho ya Yasmini, nikakiosha, nikakitia mafuta yako ya kondoo niliyoyayeyusha. Alhamisi asubuhi nilikibana kwapani, chini ya gauni, sweta mbili na baibui. Hapo kuna joto, na hakuna sheria inayokataza kwapa kuingia kwenye karakana.

Mkaguzi ni Bwana Joakimu, mtu mrefu, mpole, anaandika kila kitu. Alitaka chai kwanza. Babu, nilimmiminia chai kwa mkono mmoja, wa kushoto umegandishwa ubavuni kama wa askari wa gwaride. Akaniuliza, "Dada, mkono umeumia?" Nikamwambia nimeulalia vibaya. Akaandika!

Tukaingia. Saba ya kwanza niliyapaka mafuta ya baba. Nilisikia ile harufu, nikamwona amesimama pale dirishani na miwani yake ya uzi. Mkono wa mashine ulishuka na kupanda kama zamani. Yote saba yakaingia kwenye bunduki bila kusukumwa. Kisha nikageuka kumpa mgongo, nikajifanya nakohoa, nikatoa kichupa. La nane, kimya. La tisa, kimya. La kumi nilisikia likianza kuguna, nikasimama katikati, nikasubiri kama ulivyonifundisha, nikalirudisha, nikalipaka tone jingine, nikashuka taratibu. Likapita.

Bwana Joakimu aliyachukua yote kumi, akayaweka kwenye bunduki moja moja. Halafu akayarudia. Akalinusa la kumi. Akaninusa mimi, kwa adabu. Akasema, "Hapa kwenu leo mnapika kondoo?" Mama akajibu kutoka uani kabla sijafungua mdomo, "Karibu sana, ni pilau." Hatukuwa na kondoo wala mchele. Alimtuma Yasmini mbio akachukue kwa jirani.

Bwana Joakimu alipomaliza kula alitoa fomu. Palipokuwa na jina la baba alipiga mstari mmoja kwa rula, akaandika juu yake: Raudha Adamu. Rula ilinigusa moyo, sijui kwa nini. Angeweza kukata hivi hivi.

Gidion alipita jioni. Nilimwuliza anataka kunyolewa lini.

Nimeagiza mafuta halisi, makopo mawili. Moja nitalifungia kabatini na kulala na ufunguo.

Mjukuu wako mwenye kibali,
Raudha Adamu

*

Gitting,
23 Julai 2024

Kwa Fundi Raudha Adamu, mwenye kibali,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwapa mara tano. Miaka ishirini na sita nimebana maganda na halikunijia hilo kichwani. Nilikuwa na makwapa mawili muda wote huo!

Kuhusu la kumi: ulipolisikia linaguna ukasimama, hukulazimisha. Mimi pale ningevuta, na lingekuwa la kumi na mbili. Hilo sikukufundisha, wala usinisingizie. Ni la Adamu. Yeye alikuwa akisikiliza ganda kama watu wanavyosikiliza redio.

Kuna jambo sikuliandika barua iliyopita kwa sababu Helena alirudi kutoka kisimani. Magoti yaliuma kweli, lakini hayakuwa ya kwanza. Nilipofungua lile kopo niliisikia hiyo harufu unayoisema, nami nikamwona pale pale dirishani. Nikaona nikiondoka mikono mitupu sitamnusa tena. Goti lilifuata baadaye. Basi, hayo yameisha, usiyarudie kwenye barua yako ijayo, nitakataa.

Sasa nina shida, na safari hii ni kubwa. Kopo la kahawa halipo, na Helena anataka dawa yake. Ameshamwahidi Scolastica wa kwaya, na Scolastica amewaambia sauti ya pili yote. Wanawake kumi na wanne wa Gitting wanangoja daktari wangu wa mjini. Jana Helena aliniuliza jina lake, nikasema ni Daktari Bolti. Aliguna.

Unakumbuka mizani ya shaba na karanga. Nilikubebea lawama, na miaka kumi na saba mkono wangu umekuwa ukitetemeka kwa ajili yako. Sikuwahi kukudai. Leo nadai kidogo tu. Rudisha kopo la kahawa kwa Fransiska, lijaze mafuta ya kondoo yaliyobaki, tia karafuu harufu ipotee, ulifunge kwa gundi asilifungue njiani. Juu yake bandika karatasi, uandike kwa mwandiko wako mzuri wa shule: "Paka mara mbili kwa siku." Uongo haumo, kila mtu ana ruhusa ya kupaka.

Neno kondoo usiliandike popote. Na kama kuna nafasi, ongeza chini: "Baridi ikizidi, liweke kwapani."

Wako mwenye magoti,
Bura